Mwache aimbe: kisa cha Les Misérables na mtafsiri wa kibanda umiza

Kwa nini kisa hiki

Nazipenda picha za kuimba tangu utoto, na miaka yote nimekuwa nikiwasikia watu wazima, wenye akili zao, wakisema hawaziwezi. Mtu yuko kufani, badala ya kuita watu anaimba, wanasema, hiyo ni nini? Sikuwahi kuwa na jibu la kuwapa. Usiku mmoja uani kwetu nilipata sehemu kubwa ya jibu hilo, baada ya kwanza kuuharibu wimbo ninaoupenda kuliko nyimbo zote za picha ile. Naeleza tulivyoanza, tulipokosea, tulichobadilisha katikati ya usiku, na yale ambayo hata baada ya kubadilisha hayakukaa sawa. Majina ya watu na mji nimeyaondoa.

Picha yenyewe

Ni Les Misérables ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tom Hooper. Chimbuko lake ni riwaya ya Victor Hugo ya mwaka 1862. Claude-Michel Schönberg alitunga muziki na Alain Boublil maneno, mchezo ukaonyeshwa Paris mwaka 1980, kisha London kwa Kiingereza mwaka 1985, na mpaka filamu inatengenezwa ulikuwa umeshazunguka dunia. Karibu kila neno ndani yake linaimbwa, hata salamu, hata kugombania bei. Inachukua dakika 158.

Kuna jambo la kiufundi ambalo lazima lieleweke kwanza, kwa sababu kisa chote kinasimama juu yake. Desturi ya picha za kuimba ni kurekodi nyimbo studio mapema, halafu mwigizaji akifika mbele ya kamera anachezesha midomo kufuata sauti iliyokwisha kurekodiwa. Wahindi walikwenda mbali zaidi: mwimbaji ni mtu mwingine kabisa. Katika Awara ya mwaka 1951 unamwona Raj Kapoor, lakini unayemsikia ni Mukesh. Unamwona Nargis, sauti ni ya Lata Mangeshkar. Hooper alitaka kinyume cha hayo. Waigizaji wake waliimba palepale kamera ikizunguka, kila mmoja na kispika kidogo sikioni kinachomletea piano iliyokuwa ikipigwa pembeni, nje ya picha. Mwigizaji akitaka kunyamaza kidogo, mpiga piano anamsubiri. Akitaka kukimbia, anamfuata. Okestra iliongezwa baadaye juu ya sauti hizo.

Kwa hiyo pumzi unayoisikia ni pumzi ya mtu unayemwona, katika dakika ileile aliyokuwa akilia.

Watu, mahali na uamuzi wa kwanza

Ilikuwa mkusanyiko wa familia siku chache baada ya Idi, nyumba iliyojaa wageni. Nilikuwa nimeiona picha ile peke yangu mara tatu na nilitaka sana kuiona na watu wangu. Projekta tuliazima, shuka tukalifunga ukutani, spika mbili zikawekwa juu ya viti vya plastiki. Tulianza baada ya sala ya Isha, kama saa mbili na nusu usiku.

Walikuwepo watoto wa shule, vijana, akina mama, mjomba mmoja aliyestaafu ualimu wa historia, na bibi yetu. Bibi alikulia kwenye picha za Kihindi, enzi ambazo Jumapili watu walivaa nguo za kutokea kwenda sinema. Awara aliiona mara nyingi asizoweza kuzihesabu. Kihindi hajui. Nyimbo anazijua zote, na mahadhi kadhaa aliyasikia tena baadaye kwenye taarab, maana waimbaji wa pwani waliyachukua wakayatilia maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alipata jina kubwa kwa taarab za mahadhi hayo.

Tatizo lilikuwa lugha. Nakala yetu ilikuwa na maandishi ya chini ya Kiingereza tu. Watoto wasingeyawahi, bibi asingeyaona. Nikamwomba kijana mmoja wa ukoo, ambaye aliwahi kutafsiri muvi kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya mtaani vya kuonyeshea muvi, akae na kipaza sauti atafsiri mwanzo hadi mwisho. Niliona ni uamuzi wa wazi. Watu wetu wamezoea muvi zilizotafsiriwa. Mtafsiri mzuri ana mashabiki wake, na yeye ni mzuri kweli, ana sauti tano au sita tofauti.

Nilimwambia siku ileile, saa kumi jioni. Hakuwa ameiona picha.

Saa ya kwanza

Mwanzo ulikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1815, wafungwa wanavuta jahazi kubwa kuliingiza gatini, mvua na mawimbi yanawapiga, na juu ukutani amesimama Javert, askari, anawatazama. Kijana akashika kipaza sauti: "Steringi ni huyu hapa, Jean Valjean! Na yule kule juu ndiye adui!" Uani wakapiga makofi. Valjean amekaa kifungoni miaka 19: mitano kwa kuiba mkate wa kumlisha mtoto wa dada yake, iliyobaki kwa kujaribu kutoroka. Kijana alilieleza hilo kwa sentensi mbili, na mama mmoja akasema, "Mkate tu?" Nikajua wameingia.

Kwa askofu mambo yakawa mazuri zaidi. Valjean anaiba vyombo vya fedha, anakamatwa, na askofu anawaambia askari kwamba alimpa mwenyewe, tena amesahau kuchukua vinara viwili vya mishumaa. Bibi aliinama mbele. "Huyo ndiye mtu," alisema, na akarudia.

Baadaye nilielewa kwa nini sehemu ile ilikubali kutafsiriwa. Ule ni uimbaji wa mazungumzo. Mtu anauliza, mwingine anajibu, na ukipata habari umepata karibu yote.

Halafu akaja Fantine.

Anafukuzwa kiwandani. Ana mtoto aliyemwacha kwa watu na anadaiwa fedha za matunzo. Anauza kidani, anauza nywele, anauza meno, mwisho anauza mwili. Anne Hathaway alikatwa nywele zake mwenyewe mbele ya kamera, na ukitazama unaona zimekatwa ovyo, kichwa kina mabaka. Jukwaani wimbo wake mkubwa, wa ndoto aliyoiota ujanani, huja mara tu baada ya kufukuzwa kazi. Filamu iliuhamisha, ikauweka baada ya mteja wa kwanza kumaliza shida yake na kuondoka. Kamera inamkaribia usoni na kubaki hapo. Wimbo karibu wote ni pande moja la picha lisilokatwa, uso mmoja, nyuma yake giza.

Kijana wetu akaendelea na kazi yake. "Anasema aliota ndoto zamani… anasema alikuwa kijana, haogopi kitu… anasema mwanamume alikuja, kiangazi kimoja, akamwacha…" Kila alichosema kilikuwa sahihi. Alikisema kwa sauti ileile ya kuchangamsha aliyoitumia kwenye jahazi, na kila aliposema, spika zikammeza Fantine. Skrini ikawa na mdomo unaofunguka na machozi yanayoshuka bila sauti yake. Binamu mmoja akacheka. Simlaumu, maana uso mkubwa unaolia huku sauti nyingine ya furaha ikieleza kwa nini unalia ni kitu cha ajabu kukitazama. Watoto wawili wakainuka kufuata sambusa. Watu wakaanza kuongea.

Bibi aliinua mkono. "Mwache aimbe," alisema. Kipaza sauti kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Akasema tena, "Mwanangu, mwache mwenzio aimbe!" Nilimsikia mimi tu niliyekuwa karibu yake, na nikakaa kimya mpaka wimbo ukaisha. Najuta ukimya ule kuliko kosa lingine lolote la usiku huo.

Kusimama na kubadilisha

Fantine alipomaliza nilizima. Tukasema ni mapumziko, watu wanywe chai. Tulikaa pembeni watu wanne: mimi, kijana, mjomba na bibi.

Mjomba alitaka tuendelee vilevile, kwa hoja nzito: tukiondoa tafsiri, nusu ya watu watalala. Mimi nilitaka tafsiri iondolewe kabisa, kwa hasira zaidi kuliko kwa kufikiri. Kijana alikuwa amevunjika moyo na alisema ukweli: "Nilikuwa natafsiri kitu nisichokijua kinakwenda wapi."

Bibi ndiye aliyetupa njia. Alisema yeye Kihindi hakijui hata neno, na hakuna aliyemtafsiria wimbo maishani mwake. Ila kabla ya wimbo alijua nani anampenda nani, nani amenyimwa nini. Mwenzake aliyeelewa alimnong'oneza kabla. Wimbo ukianza, wote kimya. "Nikishajua kilichomfika, maneno ya nini? Sauti inaniambia mwenyewe."

Tukaamua hivi. Mazungumzo ya kuimbwa, kijana atatafsiri kama mwanzo. Ikikaribia nyimbo ya mtu aliyebaki peke yake na moyo wake, nitamgusa bega. Atasema sentensi tatu au nne, kilichotokea na anachokililia, kisha atakizima kipaza sauti mpaka mwisho. Na tutarudi nyuma tumwone Fantine tena, jambo lililomtia mjomba wasiwasi kwa sababu ya muda.

Tukarudisha. Kijana akasimama safari hii, kipaza sauti mkononi, akasema taratibu: "Huyu mama amemaliza kuuza kila alichokuwa nacho. Zamani alipendwa, au alidhani alipendwa. Anakumbuka." Akazima.

Sijui kama niliwahi kuusikia wimbo ule kabla ya usiku huo. Unaanza karibu na mnong'ono, na kwa sababu aliimba palepale unasikia koo lililokauka, unasikia mate akiyameza katikati ya mstari. Pale anapopandisha sauti haipandi kwa uzuri, inapanda kama mtu anayemfokea aliyekwisha kuondoka. Mwishoni inamwishia. Jenereta ya jirani ilikuwa ikinguruma mbali, na hakuna aliyesogea. Binamu aliyecheka mara ya kwanza alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Bibi alishika ncha ya kanga yake, akafuta jicho moja, akaiacha ile ncha palepale shavuni.

Hathaway alipata Oscar mwaka 2013 kwa nafasi hiyo, nafasi fupi kabisa katika picha ndefu.

Nusu ya pili

Sitaki kuonyesha kana kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka.

Kosa la kwanza lilikuwa langu na lilikuja haraka. Mwenye nyumba ya wageni na mkewe, wale wezi wanaomtunza Cosette, yule mtoto wa Fantine, wana wimbo wa kuchekesha wa kuelezea jinsi wanavyowaibia wateja. Nikamgusa kijana bega. Akanyamaza, na wimbo ukafa. Vichekesho vyake viko ndani ya maneno: wanatoza hiki, wanachanganya kile kwenye soseji. Bila maneno uliona watu wakirukaruka tu. Pale ndipo kijana angeng'ara kwa zile sauti zake sita, nami nilimfunga mdomo.

Kosa la pili lilikuwa la historia. Tulipofika Paris mwaka 1832, kijana akatangaza, "Haya sasa, Mapinduzi ya Ufaransa!" Mjomba akaruka kitini: Mapinduzi ni 1789, haya ni maasi ya Juni 1832, yalianzia kwenye mazishi ya Jenerali Lamarque na yalizimwa kwa siku mbili. Si tofauti ndogo. Mtu anayedhani anatazama Mapinduzi anangojea ushindi. Wale wanafunzi juu ya vizuizi vyao vya samani na magogo wanashindwa, karibu wote wanakufa, na usipojua hilo wimbo wa Marius, mwanafunzi aliyesalia, mbele ya viti vitupu vya wenzake unakuponyoka.

Wimbo wa Éponine kwenye mvua, msichana anayempenda Marius asiyemtazama, ulikwenda vizuri kuliko wote. Sentensi moja tu ilitosha: "Anampenda, na amempeleka mwenyewe kwa mwanamke mwingine." Wasichana wa nyumbani hawakuhitaji zaidi.

Ule wa kabla ya maasi, ambapo Valjean, Cosette na Marius, Éponine, Javert, wanafunzi na wale wezi wanaimba kwa pamoja kila mmoja jambo lake, ulitushinda kabisa. Kijana alieleza mapema, akachukua dakika tatu, na watu walipofika kwenye wimbo walikuwa wamesahau nani ni nani.

Na Javert. Valjean anapata nafasi ya kumuua, anamwachia huru. Javert hawezi kuishi na jambo hilo. Anapanda ukingo juu ya mto, anaimba, anajirusha. Russell Crowe alilaumiwa sana kwa sauti yake, na mimi pia naiona nyembamba kwa nafasi ile, ingawa pale ukingoni wembamba huo unamfaa, kama mtu aliyeishiwa. Alipojirusha, watoto waliobaki wakashangilia. Adui amekufa! Waliambiwa ni adui dakika ya kwanza kabisa. Walikuwa wamemwona muda si mrefu kabla akivua nishani kifuani mwake na kuibandika juu ya maiti ya Gavroche, mtoto aliyepigwa risasi vitani, lakini jina alilopewa mwanzo lilikuwa na nguvu kuliko walichokiona.

Tulimaliza karibu saa sita usiku. Zaidi ya nusu walikuwepo bado, bibi akiwa macho makavu na wima.

Uchambuzi

Nianze na lililofaa. Tafsiri kabla ya wimbo, kisha kimya, ilifanya kazi, na nadhani najua sababu. Katika wimbo wa mtu mmoja, hadithi imesimama. Hakuna habari mpya inayokuja. Ile ile iliyokwisha kutokea inaingia mwilini mwa mtu. Maneno yake ni machache na yanajirudia. Kinachosogea ni sauti. Katika picha iliyorekodiwa kwa namna ya Hooper, sauti hiyo ndiyo uigizaji, kwa hiyo kusema juu yake ni sawa na kumfunika mwigizaji shuka usoni. Nadhani hili pia ndilo jibu kwa wale wanaouliza kwa nini anayekufa anaimba: picha inampa muda ambao kifo cha kweli kisingempa, ili sisi tukae naye. Wengi wanaozikataa picha hizi wamezionea mahali ambapo muda huo ulivurugwa, kwa mazungumzo, kwa simu, au kwa mtafsiri aliyewekwa pabaya na mtu kama mimi.

Bibi alilijua hilo bila kujua habari za piano pembeni ya kamera. Tena yeye alilelewa kwenye sauti za kuazima, za Lata na Mukesh, na hilo lilinifikirisha sana. Inaonekana haijalishi sauti ni ya nani. Kinachojalisha ni kwamba msikilizaji ameletwa mlangoni akijua kilicho ndani, kisha akaachwa aingie mwenyewe.

Lililoharibika lina mizizi miwili. Mmoja ni maandalizi. Kumkabidhi mtu picha ya dakika 158 asiyoiona, saa chache kabla, ni kumwonea. Kosa la 1789, lile jina la adui na zile dakika tatu ndefu vyote vimetoka hapo. Kibandani mbinu ya steringi na adui inasaidia, kwa sababu muvi za kupigana nyingi zimejengwa hivyo. Hapa ilitakiwa aseme tu "askari" na kuwaacha watu wamhukumu wenyewe. Hilo lingemgharimu neno moja.

Mzizi wa pili ni mimi kuchukua dawa iliyoponya wimbo mmoja na kuwanywesha wote. Nyimbo za picha ile si za aina moja. Za vichekesho zinataka maneno, na haraka. Za mazungumzo zinataka tafsiri ya kawaida. Za mtu peke yake zinataka sentensi chache na kimya. Ule wa sauti nyingi bado sijui unataka nini, na hapo ndipo mimi na kijana tunabishana mpaka leo.

Nilimpa nakala akaenda nayo. Baada ya wiki mbili alirudi na daftari, nyimbo zote zimeorodheshwa, pembeni ya kila mmoja ameandika atakachosema. Kwa Fantine ameandika mstari mmoja na saa ya kuzima kipaza sauti. Kwa wale wezi wa nyumba ya wageni amejaza kurasa mbili. Kwa ule wa sauti nyingi anapendekeza tusimamishe picha kabisa, atuonyeshe kwa kidole kila mtu na jambo lake, halafu tuendelee. Mimi nasema wimbo ule umejengwa ili upande bila kushuka, ukiusimamisha umeuvunja. Yeye anasema asiyejua nani anaimba nini hasikii kupanda kokote. Bibi tulipomuuliza alitaka kwanza kujua lini tunaonyesha tena.